Mzee ameacha taipureta, kamera ya Mrusi na mashine ya kuhesabu ya kuzungusha, mtu wa skrapu anarudi Jumamosi, nifanye nini?

Karani_Junior (Nakuru)

Wadau habari zenu. Niko Nakuru, Section 58, na swali langu ni refu kidogo mnivumilie. Mzee wetu alituacha mwaka jana, na ile stoo yake ya nyuma hakuna mtu alikuwa ameifungua mpaka wiki iliyopita mama akasema ifunguliwe, anataka kuweka kuku. Mzee alikuwa karani wa ushirika wa pareto huko upande wa Molo toka miaka ya 70 mpaka pareto ilipoanza kuanguka, na ofisi ilipofungwa akapewa vitu vya ofisi badala ya mshahara wa miezi ya mwisho ambao hakuwahi kuuona. Alivifunga na gunia akaviweka, hakuwahi kutuambia ni nini.

Sasa nimetoa vitu vitatu. Kuna taipureta ya mezani, Imperial 66, nzito ajabu, ukibonyeza herufi inainuka lakini lile gari la juu halisongi, limekaa tu, na kuna herufi kama tano hivi zikiinuka zinabaki huko huko juu hazirudi. Kuna mashine nyeusi imeandikwa Original-Odhner, iko na vijiti vya kuteremsha na mkono wa kuzungusha kama wa cherehani, huo mkono umekwama katikati, nilijaribu kuusukuma nikasikia kitu kinalia ndani nikaogopa nikaacha. Halafu kuna kamera Zenit-E ndani ya mfuko wa ngozi, mbele iko na vile viduara vitano vya Olimpiki, na pale kwa kuhesabu picha inaonyesha 22.

Mtu wa skrapu alikuja na mzani wake akapima zote pamoja kilo 25, akasema 45 kwa kilo, hiyo ni 1,125. Brathe mkubwa anasema nichukue hiyo pesa stoo ipatikane. Mimi roho inakataa lakini pia sijui nakataa nini. Ziko na thamani yoyote? Zinaweza kufanya kazi tena? Niko na WD-40 ya pikipiki, nipulize? Na hiyo kamera betri inaingia wapi, nimetafuta mahali sijaona.

FundiWaKibuye (Kisumu)

Kijana wangu, pole sana kwa mzee. Mimi niko hapa karibu na soko la Kibuye, nimetengeneza taipureta tangu 1981, enzi hizo kila ofisi ya serikali, kila wakili, kila chuo cha sekretari walikuwa na fundi wao wa kupita mara moja kwa mwezi. Sasa nisikilize. Hiyo WD-40 rudisha kwa pikipiki, usipulize hata tone moja.

Ukiangalia ndani utaona chuma cha nusu mwezi chenye mifereji membamba, pale ndipo mikono ya herufi inakaa. Pale panatakiwa pakavu kabisa. Ukipuliza mafuta herufi zitaruka vizuri siku mbili tatu utafurahi, halafu vumbi litaingia lishikane na yale mafuta liwe kama gundi, na hapo ndipo watu huniletea mashine imekufa kabisa wakiniambia eti wameifanyia sevisi. Herufi zako tano zinabaki juu kwa sababu hiyo hiyo, kuna mafuta ya zamani yaliyokauka. Nunua spiriti ya kawaida, tafuta mswaki mkuukuu, chovya kidogo, sugua mfereji mmoja baada ya mwingine, pandisha herufi shusha, pandisha shusha mara nyingi mpaka mkono uchoke, futa na kitambaa kisichoacha nyuzi, kesho rudia. Lakini spiriti isiguse rangi ya bodi wala vitufe, na fanya nje penye hewa mbali na jiko. Usitumie tina ya rangi, itakula mashine yote.

Hilo gari kutosonga ni kitu kidogo usiogope. Nyuma upande wa kushoto kuna ngoma ndogo yenye springi ndani, na kutoka kwenye ngoma kuna mkanda mwembamba unaoenda kushika gari upande wa kulia. Huo mkanda ndio unalivuta gari kila ukibonyeza, na ndio umekatika, karibu zote za umri huo mkanda hukatika. Mkanda mpya hutapata dukani. Mimi hutumia uzi wa kuvulia mbuta, ule wa kusokotwa, si ule wa plastiki unaong'aa kwa sababu huo hunyooka. Funga upande wa ngoma kwanza, zungusha ngoma mara tatu nne ipate nguvu, ishike kwa nguvu USIIACHIE, ikikuponyoka itajifungua yote kwa mara moja na vidole vyako viko hapo, halafu ndio ufunge ule upande wa gari. Nguvu inatosha kama gari linafika mwisho wa mstari bila kuchoka. Ukizidisha, herufi zitaanza kurukana.

Lile roli la raba litakuwa gumu kama mfupa, hiyo ni kawaida, weka karatasi mbili ukiandika, ya nyuma ni ya kupokea kipigo tu. Riboni ni upana wa nusu inchi, hiyo hiyo ya mashine nyingi, uliza maduka ya vifaa vya ofisi yale ya zamani ya Wahindi, na usitupe vigurudumu vyako vya chuma, utaizungusha riboni mpya juu yake.

Spea nyingine usitegemee, Imperial zilikuwa za Leicester kule Uingereza na kiwanda kilifungwa 1975, kwa hivyo ni kutoa kwa maiti nyingine. Mimi niko na tatu hapa za kutoa. Ukimaliza piga ukurasa mmoja unitumie picha, herufi husema mengi.

Mkusanyaji_Eldoret

Karani, mimi hukusanya hivi vitu, nyumbani ziko 31 na mke wangu amenipa chumba kimoja hakuna kuongeza. Swali lako la bei nikujibu wazi kwa sababu hapa wengi watakudanganya uone umepata utajiri.

Imperial 66 ni mashine nzuri lakini nzito, mtu wa nje hawezi kulipa kuisafirisha, na hapa Kenya wanaoitaka wengi ni watu wa mikahawa ya Nairobi wa kuweka kwa rafu kama pambo. Halafu kuna wale wabaya zaidi, wanakata vitufe vyote wanatengeneza bangili na hereni, mashine iliyobaki wanatupa. Hiyo inaniuma sana, mashine imeandika barua miaka 40 halafu inaishia kwa sikio la mtu. Ukimwona anauliza kama vitufe ni vya duara kabla hajauliza kama inafanya kazi, mfungie geti.

Odhner ndio ukoo mkubwa kabisa kwa hizi mashine za kuzungusha. Willgodt Odhner alikuwa Mswidi lakini aliiunda akiwa St. Petersburg huko Urusi miaka ya 1870, halafu baada ya mapinduzi ya 1917 kazi ikahamia Göteborg Sweden, ndio maana yako imeandikwa Sweden. Ujanja wake ukaigwa kila mahali, Wajerumani wakatoa Brunsviga kuanzia 1892, Warusi wakabaki na yao wakaiita Felix wakazitengeneza kwa mamilioni. Kwa hivyo si adimu duniani, lakini hapa kwetu ni adimu kwa sababu nyingi zilipitia ule ule mzani wa skrapu unaokungoja Jumamosi.

Ile ya pesa kubwa ni Curta, na ukiwahi kuiona kwa mnada wowote usiipite. Ni ndogo kama kopo, unaishika kwa mkono mmoja unazungusha juu kama kinu cha pilipili. Curt Herzstark, Mwaustria ambaye babake alikuwa Myahudi, alifungwa kambi ya Buchenwald wakati wa vita na akaendelea kuichora humo ndani, wale Wanazi walimwacha achore kwa sababu walitaka waje kumpa Hitler zawadi wakishinda. Alitoka hai, zikaanza kutengenezwa Liechtenstein 1948 mpaka mwanzo wa miaka ya 70, kama 140,000 kwa jumla. Mimi nimeishika mara moja tu maishani. Inazunguka laini kama siagi.

Kitu kimoja tu nakuomba. Kama kuna namba ya ofisi imepakwa rangi nyuma, au kibandiko cha ushirika, au karatasi ndani ya droo, usikitoe, usisugue. Watu wengi wakisafisha wanaanza na hapo kwa sababu ni pachafu. Hapo ndipo mashine yako inakuwa tofauti na zingine zote za aina yake.

Nyar_Picha (Kisumu)

KARANI USIFUNGUE HIYO KAMERA NYUMA!!! Samahani kwa kupiga kelele lakini nimesoma hiyo 22 nikashtuka. Kama kihesabio kiko 22 kuna uwezekano filamu bado iko ndani, mzee alipiga picha 22 akaacha. Ukifungua mwanga unaingia zinaungua zote.

Fanya hivi. Kile kigurudumu cha kushoto juu, kizungushe kidogo sana kufuata mshale. Kama kinazunguka bure filamu haipo. Kama kinagoma, iko. Kama iko, bonyeza kitufe cha kuachilia filamu, zungusha hicho kigurudumu polepole sana, filamu ya zamani imekauka inakatika kama biskuti, utasikia mvuto halafu ghafla inakuwa nyepesi, hapo imeingia yote kwenye kopo lake. Hata hapo fungulia chini ya blanketi usiku. Halafu niambie imeandikwa nini kwa hilo kopo.

Betri hutaipata kwa sababu haina. Hicho kioo chenye mabonde mabonde juu ya lenzi ni seleniamu, kinatengeneza umeme wake kutoka kwa jua na kusogeza sindano. Ikiwa imekaa gizani ndani ya mfuko huenda bado inafanya kazi, hiyo ni bahati.

Na viduara vya Olimpiki vinakwambia umri. Zenit zilitoka kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow, na hizo zenye viduara zilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya Moscow 1980. Angalia namba chini au nyuma, mara nyingi tarakimu mbili za kwanza ni mwaka. Fikiria hiyo, Kenya tulisusia hiyo Olimpiki, wakimbiaji wetu hawakwenda, lakini kamera yake ikaja mpaka Molo.

Lenzi kama ni Helios 44-2, milimita 58, usiiuze kando na mtu akikupa elfu tatu ucheke naye tu. Mimi hupiga harusi, niko nayo moja nimeifunga kwa kamera yangu ya dijitali na pete ya bei ndogo ya M42, yaani ya lenzi za kufunga kwa skrubu kama hizi, miti na majani nyuma ya bibi harusi yanazunguka kama maji, wateja wanaiulizia wenyewe. Lakini iangalie na tochi kwanza, ukiona kama utando wa buibui ndani ya kioo hiyo ni ukungu. Hapa Kisumu na joto la ziwa ndio adui wetu mkubwa. Toa lenzi kwa kamera, iache mahali penye jua masaa machache siku kadhaa bila kifuniko, na usiirudishe kwa huo mfuko wa ngozi kamwe, ngozi inashika unyevu, huko ndiko ukungu unazaliwa. Weka kwa kopo la plastiki linalofunga na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya.

Mwalimu_Ingo (Kakamega)

Karani hujambo, na pole kwa msiba. Mimi ni mwalimu wa hesabu na nina Odhner ambayo naitumia darasani mpaka leo, kwa hivyo niache mengine niseme hiyo tu.

Mkono haukukwama kwa bahati mbaya, huenda umesimama katikati ya mzunguko. Mashine hizi zina sheria moja: mzunguko ulioanzwa lazima umalizwe kwa upande ule ule. Ukiuanza mbele ukabadilisha mawazo urudi nyuma, unafunga. Na mkono usiporudi nyumbani kwenye kishikio chake, kila kitu kingine kinakataa, vijiti havisogei, gari la chini halihami. Kwa hivyo usitumie nguvu. Jaribu taratibu kuelekea upande mmoja, kisha mwingine, na ule ambao unaonyesha hata dalili ndogo ya kukubali ndio upande wake. Ikiwa hakuna, ni mafuta yaliyokauka, toa kifuniko, weka tone moja moja la mafuta mepesi ya cherehani kwenye ekseli, acha usiku kucha, ujaribu tena. Hapa mafuta yanaruhusiwa tofauti na taipureta, lakini tone, si kupuliza.

Ikifunguka jaribu hii. Mkulima ameleta kilo 347, bei tuseme 26. Teremsha vijiti usome 347. Zungusha mara sita. Sogeza gari la chini hatua moja. Zungusha mara mbili. Soma chini: 9,022. Mizunguko minane tu, na vile vitundu vingine vinakuonyesha 26 ili ujue umezungusha sawa. Kugawanya ndio kunafurahisha wanafunzi wangu zaidi: unaweka 9,022 chini, 26 juu kwa vijiti, unazungusha kinyume, kila mzunguko ni kutoa 26 mara moja, ukipitiliza kengele inalia. Ting. Unarudisha mbele mara moja, unasogeza gari, unaendelea. Ndani ya dakika moja mtoto wa Form 1 anaelewa kugawanya ni nini hasa, kwamba ni kutoa na kutoa mpaka usiweze tena, kitu ambacho kalkuleta ya Casio haiwezi kumwonyesha kwa sababu inampa jibu tu.

Na sasa nafikiria mzee wako. Pareto haikulipwa kwa kilo peke yake, ililipwa kulingana na kiasi cha pairethrini, ile dawa ya kuua wadudu, kwenye maua, kwa hivyo kila mkulima kilo zake na asilimia yake na bei yake, halafu makato. Wakulima mamia. Yote kwa huo mkono. Angalia pale kwenye mpini wa mbao au plastiki kama pamelika upande mmoja. Yangu pamelika, na si mimi niliyepamaliza.

Mtoto_wa_Bungoma

Swali dogo kwa Nyar_Picha, ni kweli watu wanasafisha filamu na kahawa? Na magadi? Nilisikia mahali nikafikiri ni mzaha. Kama ni kweli si magadi tunayo ya kupikia mrenda.

Nyar_Picha (Kisumu)

@Mtoto_wa_Bungoma ni kweli kabisa, hata mimi hufanya. Ilianzia chuo cha Rochester huko Marekani 1995, mwalimu mmoja na wanafunzi wake. Kwa lita moja ya maji ni kahawa ya unga ya kuyeyuka gramu 40, vitamini C gramu 16, na magadi ya kufulia gramu 54, dakika 15 kwa nyuzi 20, na hapa Kisumu hizo nyuzi 20 lazima uweke barafu kwa beseni. Kahawa ya bei rahisi ndio nzuri, ile chungu ya robasta. Lakini magadi ya mrenda hapana, hayo hayajakolea vya kutosha, unataka sodiamu kaboneti kavu. Na harufu yake ni mbaya usifanye jikoni kwa shemeji. Mwisho bado unahitaji dawa ya kushikilia picha, hiyo hakuna ya jikoni.

Ila Karani filamu ya mzee USIFANYIE hivyo, ya kujaribu nayo ni roli mpya. Ile nitakusafishia mwenyewe na dawa yangu ya kawaida, tuma na gari la Kisumu, sitaki pesa.

Karani_Junior (Nakuru)

Wadau nimerudi, wiki tatu zimepita. Mtu wa skrapu nilimrudisha. Brathe alinuna siku mbili.

Taipureta inaandika!! Spiriti nilisugua jioni nne mfululizo, herufi zote zinarudi. Uzi wa mbuta nililetewa na dereva wa matatu ya Kisumu, mara ya kwanza nilifunga vibaya ukateleza, ngoma ikafunguka yote, Mzee Fundi nilikuwa nimesoma USIIACHIE na bado nikaiachia, kidole kimepona sasa. Mara ya pili ikashika. Riboni nimepata kwa duka moja la zamani karibu na Kenyatta Avenue, mzee wa duka alikuwa nazo mbili kwa droo. Odhner nayo ilikuwa vile Mwalimu alisema, ilikuwa inaenda mbele, ilikuwa imebaki kama robo ya mzunguko. Tone la mafuta, asubuhi nikausukuma kwa kidole kimoja ikaingia nyumbani. 9,022 nimeipata. Watoto wa brathe sasa wanapigania kengele.

Filamu ilikuwa ndani. Kopo limeandikwa Ilford FP4. Nimeituma kwa Nyar_Picha juzi.

Na hii hapa ni picha ya ukurasa niliopiga, Mzee Fundi.

FundiWaKibuye (Kisumu)

Safi sana kijana, mistari imenyooka. Kidole pole, karibu sisi wote tuna alama hiyo.

Sasa nimeutazama ukurasa wako na miwani na nikuulize kitu. Hiyo herufi a yako imelika, tumbo lake limejaa na mkia hauonekani vizuri, ukilinganisha na e iko mbali sana. Na k nayo, na u, na w. Lakini c iko safi, x na q ni kama zimetoka kiwandani jana. Mashine iliyoandika Kiingereza maisha yake yote herufi e ndiyo huisha kwanza, nimeona mamia ya hizo. Ikilika a namna hiyo huku c imepona, hiyo imeandika Kiswahili, na si kidogo, miaka. Wewe ulisema ni ya ofisi ya ushirika, na barua za ofisi siku hizo zilikuwa Kiingereza zote. Nani alikuwa anaandika Kiswahili kwa hiyo mashine?

Karani_Junior (Nakuru)

Mzee sijui. Mzee wangu barua zake zote nilizoona ni za Kiingereza. Nitauliza mama.

Nyar_Picha (Kisumu)

Filamu imetoka. Nimeisafisha jana usiku, dawa baridi kidogo ili ukungu wa uzee usizidi. Karani ulikuwa na bahati ni FP4, filamu ya mwendo wa polepole huzeeka vizuri kuliko zile za haraka, na kwa kuwa haijaandikwa Plus ni ya kabla ya 1990 au hapo hapo, maana 1990 ndio waliibadilisha ikawa FP4 Plus. Kati ya 22 kuna tisa zinaonekana, zingine ni kijivu tu na nimejaribu kila kitu. Nimezitoa kwa karatasi kubwa na nimezituma na negativu zake, zimeshatoka na gari la saa nne. Sizisemi hapa, nyinyi wa nyumbani muone kwanza.

Karani_Junior (Nakuru)

Zimefika. Nimekaa nazo tangu jana sikujua niandike vipi.

Nne ni za stoo ya ushirika, magunia ya pareto mpaka kwa dari na watu wamepanga foleni nje na blanketi mabegani, ni asubuhi unaona mvuke wa midomo. Moja ni brathe akiwa mdogo amekalia ule mzani mkubwa. Moja ni baiskeli tu, sijui kwa nini. Mbili ni za watu ambao hakuna anayewajua.

Ya tisa ni mama. Amekaa kwa hiyo Imperial, ile ile, namba ya ofisi imepakwa rangi nyuma inaonekana, na mbele yake kuna mzee mmoja amesimama na kofia mkononi anaongea, na yeye anaandika. Nimeishi na mama miaka 34 sikuwahi kujua anajua kupiga taipu.

Nikampelekea nikamwuliza lile swali la Mzee Fundi. Akaiangalia sana. Akasema wakulima malipo yakichelewa walikuwa wanamwendea mzee, na mzee kama karani hakuweza kuandika malalamiko dhidi ya ofisi yake mwenyewe, kwa hivyo jioni ofisi ikifungwa alikuwa anaacha ufunguo kwa dirisha, na mama anaingia, anawaandikia. Kwa Kiswahili kwa sababu alitaka kila mmoja asomewe barua yake aielewe kabla ya kuweka kidole gumba. Alijifunzia kwa hiyo mashine, kwa vidole vinne. Nikamwuliza kwa nini hawakutuambia akasema nani aliuliza.

Halafu akavuta kiti. Aliweka karatasi mbili bila mimi kumwambia. Aliandika jina lake na tarehe na jina la mzee, polepole, alipofika kwa a alikuwa anaigonga kwa nguvu kuliko zingine na nikaelewa kwa nini imelika.

Kuku wamejengewa kibanda upande wa pili. Sasa maswali mawili kwa Mzee Fundi: anataka riboni ya rangi mbili, nyeusi na nyekundu, anasema kiasi cha pesa wanazodai alikuwa anaandika kwa nyekundu, na kile kiwashio cha kubadilisha rangi kwa yetu kimelegea hakishiki chini. Na miguu ya raba imeisha yote minne, mashine inatembea juu ya meza akiandika. Zile tatu zako za kutoa, ziko na miguu?

FundiWaKibuye (Kisumu)

Miguu iko, yote minne, nitaituma kesho. Riboni ya rangi mbili ninayo moja, ni ya mama, usinilipe. Hicho kiwashio kina springi ndogo upande wa kulia nyuma ya kitufe, huwa imetoka kwenye tundu lake tu, irudishe na koleo nyembamba. Msalimie sana mama, mwambie fundi wa Kibuye anauliza kama aliwahi kubakiza nakala za hizo barua.